Usikimbilie kufunga tumbo

Agosti 2015, kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam, mdogo wangu alianza kuendesha usiku wa manane. Nilimpa vidonge vya kufunga tumbo vilivyokuwamo ndani, nikamnyima na maji, eti akinywa ataendesha zaidi. Kulipokucha macho yalishadidimia, ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama, na choo ni maji matupu kama ya kuoshea mchele.

Nikampeleka kwenye kambi ya kutibia wagonjwa wa kipindupindu. Muuguzi wa pale hakunigombeza. Aliuliza tu, "Amekunywa kiasi gani?" Nikabaki namtazama.

Bakteria wa kipindupindu hawatafuni utumbo, ndiyo maana choo hakina damu. Wanatoa sumu. Mwaka 1959, huko Kolkata, India, mtafiti Sambhu Nath De alichuja majimaji ambamo bakteria hao walikuzwa, akayaingiza kwenye utumbo wa sungura bila bakteria wenyewe. Utumbo ukajaa maji vilevile. Sumu ile inazilazimisha seli za utumbo mwembamba kumwaga chumvi, na chumvi inapokwenda maji huifuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Kidonge changu hakikuigusa sumu. Kilichelewesha tu maji kutoka, nami nikadhani mgonjwa anapata nafuu.

Ila kuna njia moja ambayo sumu haiizibi: sukari inapofyonzwa utumboni huingia na chumvi, na maji nyuma yao. Ndiyo kazi ya sukari kwenye ORS, ile pakiti ya unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, wala si kuongeza ladha kama nilivyokuwa nikidhani.

Basi anza nyumbani, na uendelee kumnywesha njiani mkienda zahanati. Kama huna pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru, hasa mtoto. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea kwa funda ndogondogo. Soda usimpe. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Aliyelegea asiyeweza kunywa anahitaji dripu, usipoteze muda na kikombe.

Ukiona damu kwenye choo, hiyo ni habari nyingine: wapo bakteria ambao sumu yao huua seli za utumbo na hata kufika kwenye figo. Hapo vidonge vya kufunga tumbo usiviguse kabisa, na antibayotiki usijinunulie dukani kabla hujapimwa.

Mdogo wangu alitundikiwa dripu. Siku ya tatu akaulizia chai ya rangi.