Nadharia Inapokupendeza Kupita Kiasi

Katika kazi ya kufundisha fizikia na kuwasimamia vijana wanaoanza utafiti, swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine si la hesabu wala la vifaa, bali ni hili: je, mtafiti ana haki ya kuiamini nadharia kwa sababu tu ni nzuri? Anayeuliza huwa amekwisha kupenda wazo fulani, naye anatafuta ruhusa. Jibu langu ni kwamba uzuri aufuate anapochagua jambo la kuchunguza, lakini asiufanye shahidi anapoamua iwapo jambo hilo ni kweli.

Sisemi hivyo kwa kuudharau uzuri. Utafiti una miezi mirefu isiyozaa kitu, na sijamwona mtu aliyeivumilia bila kuguswa kwa dhati na mlinganyo mfupi unaoeleza mambo mengi, au na ulinganifu unaojitokeza mahali ambapo hakuna aliyeutarajia. Mwanafunzi asiyependa chochote ninamhofia zaidi kuliko yule anayependa mno, kwa kuwa huyu wa pili anaweza kufundishwa tahadhari.

Mwalimu bora wa tahadhari hiyo ni Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani. Mwaka 1596 alitangaza kwamba umbali wa sayari kutoka kwenye Jua unatawaliwa na yale maumbo mango matano ambayo nyuso, kingo na pembe zake zote zinalingana, kila umbo likikaa kati ya tufe la sayari moja na tufe la sayari inayofuata. Wagiriki wa kale walikuwa wamethibitisha kwamba maumbo ya aina hiyo ni matano tu, na sayari zilizojulikana wakati huo zilikuwa sita, ambazo kati yake mna nafasi tano. Miaka michache baadaye alipata vipimo vya sayari ya Mirihi vilivyochukuliwa na Tycho Brahe, mtazamaji nyota wa Denmark, akajenga mzingo wa duara uliotofautiana na vipimo hivyo kwa dakika 8, katika digrii moja yenye dakika 60. Angeweza kuzilaumu ala. Lakini alijua kwamba Tycho hakuwa mtu wa kukosea kwa kiasi hicho, akaliacha duara lililoheshimiwa kwa karne nyingi, na mwaka 1609 akatangaza kwamba Mirihi huzunguka katika duaradufu. Linalonigusa zaidi ni kwamba hakuacha kuyapenda yale maumbo matano, kwani mwaka 1621 alikichapisha tena kitabu chake cha ujanani. Aliendelea kupenda, ila mapenzi hayo hayakumzuia kuzihesabu zile dakika 8.

Kisa hicho kina upande wa pili. Galileo mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1632, alibaki na duara. Ilipofika mwaka 1687, Newton alionyesha kwamba duaradufu inatokana na kanuni moja ya mvutano unaopungua kadiri ya mraba wa umbali, na tangu hapo wanafizikia wanaiona kuwa nzuri. Kwa hiyo, ninapomwambia kijana asiyaamini macho yake haraka, ninamaanisha pia kwamba macho hayo yamefunzwa na nadharia zilizofaulu jana, na huenda ukweli wa kesho ukahitaji macho mengine.

Mfano ambao hunitikisa kila ninapoufundisha unatoka katika biolojia. Katika miaka ya 1950 ilijulikana kwamba protini hujengwa kwa asidi amino za aina 20, na kwamba maagizo yake yameandikwa kwa herufi nne za kikemia. Maneno ya herufi tatu yanayoweza kuundwa kwa herufi hizo ni 64. Je, kwa nini 20, na seli inajuaje neno linaanzia wapi ikiwa hakuna alama ya kutenganisha? Mwaka 1957 Francis Crick, John Griffith na Leslie Orgel walipendekeza kwamba maneno yenye maana yamechaguliwa kwa namna ambayo ukianzia mahali pasipofaa unapata upuuzi mtupu. Sharti hilo linaondoa maneno manne yenye herufi moja iliyorudiwa mara tatu. Yaliyobaki 60 hugawanyika katika makundi ya matatu matatu yanayopatikana kwa kuzungusha herufi zilezile, kama ABC, BCA na CAB, na kila kundi linaruhusiwa kutoa neno moja tu. Jibu ni 20 kamili.

Sijui hoja nyingine katika biolojia iliyo safi kuliko hiyo, nayo si kweli. Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitumia RNA, molekuli inayoipelekea seli maagizo hayo, yenye herufi U peke yake, wakapata mnyororo wa asidi amino iitwayo fenilalanini, ilhali UUU ilipaswa kuwa neno lisilo na maana. Ninawasifu Crick na wenzake kwa mambo mawili. Waliandika wao wenyewe kwamba hoja zao zilikuwa dhaifu mno kuwapa imani kubwa, na nadharia yao ilikataza jambo bayana, hivyo jaribio moja lilitosha kuiangusha.

Hapo ndipo ushauri wangu ulipo. Wazo likikupendeza, andika kwanza linakataza nini, kisha ujiulize kama tarakimu linayoieleza ilikuwa mezani kwako tangu mwanzo. Ile 20 ilijulikana kabla nadharia haijatafutwa. Einstein, kwa upande mwingine, alisema mwaka 1915 kwamba mwanga wa nyota ukipita kando ya Jua utapinda kwa takriban sekunde 1.7 za pembe (dakika moja ya digrii ina sekunde 60), mara mbili ya hesabu iliyofuata fikra za Newton, wakati ambapo hakuna aliyekuwa amepima; vipimo vya kupatwa kwa Jua vya mwaka 1919 vilielekea upande wake.

Na ukitaka uzuri usiodanganya kwa urahisi, utafute katika majaribio. Matthew Meselson na Franklin Stahl, mwaka 1958, walikuza bakteria katika nitrojeni nzito, wakawahamishia katika nitrojeni ya kawaida, wakaizungusha DNA yao, yaani molekuli inayohifadhi maagizo ya urithi, kwa kasi kubwa ili ijipange kwa uzito. Kulikuwa na maelezo matatu yanayoshindana kuhusu jinsi DNA inavyojinakili, na kila moja lilidai mpangilio wake wa mistari. Baada ya kizazi kimoja ulionekana mstari mmoja wa kati. Baada ya viwili, ulionekana wa kati na mwepesi. Maelezo mawili yalianguka. Ripoti hiyo ni fupi, na mwanafunzi anayeanza anaweza kuielewa. Aisome yote, akitazama picha za mistari kabla ya kusoma hitimisho, kisha aamue mwenyewe ni maelezo yapi yamebaki.