Ukigusa hewa umegusa petroli na oili: kwa wanaoanza kujaribu njia ya hewa ya injini ya baiskeli

Karibu kila anayefunga injini ndogo kwenye baiskeli huanza uchokonozi wake mahali pamoja, yaani kwenye kile kikopo cheusi cha chujio la hewa kilicho nyuma ya kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Hufunguka kwa skrubu chache, na kikishatolewa injini hunguruma kwa sauti nzito inayomfanya mtu aamini kwamba imepata nguvu mpya. Nami nilianzia hapo. Tangu wakati huo nimetengeneza njia za hewa kwa mpira, kwa alumini, kwa plastiki na kwa mikebe, na katika safari hiyo nimeharibu pistoni moja ambayo ingeweza kuwa nzima hadi leo kama ningeelewa mapema ninayowaeleza hapa.

Injini ninayoizungumzia ni ile ya mipigo miwili, yaani inayowaka mara moja kila mzunguko, yenye silinda moja, ambayo pistoni yake ina kipenyo cha milimita 47 na hutembea milimita 38. Ukipiga hesabu utapata takriban sentimita za ujazo 66, ingawa mara nyingi huuzwa kwa jina la 80. Haina vali ya kuingizia hewa. Pistoni yenyewe ndiyo mlango: inapopanda, huacha upungufu wa hewa katika chumba cha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kilicho chini yake, kisha ukingo wake wa chini hufunua tundu lililo ubavuni mwa silinda, na mchanganyiko wa hewa, petroli na oili huvutwa ndani. Mpango huu ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 na Joseph Day pamoja na Frederick Cock, na urahisi wake ndio uliozifanya injini za namna hii zienee kiasi hiki.

Urahisi huo una gharama yake, na hapa ndipo ningependa anayeanza atulie kidogo. Pistoni inapoanza kushuka, tundu halifungwi papo hapo. Kwa muda mfupi sehemu ya mchanganyiko uliokwisha kuingia husukumwa nje kupitia kabureta ileile uliyopitia, ukitoka kama ukungu wa petroli na oili. Mpigo unaofuata huuvuta tena, na kila hewa inapopita kwenye kabureta, iwe inaingia au inatoka, huchota petroli nyingine. Kikopo cha chujio huushika ukungu huo na kuurudisha. Ukikitoa, sehemu ya ukungu hupotea hewani, mkondo wote hubadilika, na kipimo cha petroli ulichokuwa nacho asubuhi si kile ulicho nacho jioni, ingawa hukugusa kabureta hata kidogo. Ukitaka kuuona, simama ubavuni na umwombe mwenzako avute mkono wa mafuta injini ikiwa haina kikopo. Utauona ukicheza mdomoni mwa kabureta. Usisogeze uso, wala usiruhusu moto wowote karibu, kwa sababu hiyo ni petroli iliyosagwa vizuri kabisa kwa ajili ya kuwaka.

Ili petroli iungue yote bila hewa kubaki, kila gramu moja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Injini inayovuta mzigo hupenda petroli zaidi ya hapo, hewa ikiwa karibu gramu 12.5 hadi 13 kwa gramu moja, kwa kuwa petroli ya ziada hupunguza joto. Katika injini ya mipigo miwili kuna jambo lingine lililo zito zaidi, nalo ni kwamba oili imo ndani ya petroli. Anayeongeza hewa bila kuongeza petroli anapandisha joto la pistoni, na wakati huohuo anapunguza kinachoilainisha. Madhara mawili huja kwa mkono mmoja.

Pistoni yangu iliharibika hivyo. Nilikuwa nimechonga mdomo mfupi wa alumini uliotanuka kama tarumbeta, nikaufunga badala ya kikopo, nikatoka barabarani. Kwa kilomita chache baiskeli ilikwenda vizuri kuliko siku zote, jambo ambalo sasa ninalichukulia kuwa onyo, kwa sababu injini inayokosa petroli huweza kuchangamka sana muda mfupi kabla ya kudhurika. Kisha sauti ilibadilika ikawa kavu na nyembamba, gurudumu likaburuta, injini ikanasa. Nilipofungua silinda nilikuta mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi, na plagi, ile inayotoa cheche, ilikuwa nyeupe kama chaki. Mdomo wa alumini haukuwa mkosaji peke yake. Wakati wa kuufunga nilikuwa nimeitikisa kabureta mahali inapoungana na bomba fupi la kwenye silinda, na kiungo hicho kilikuwa kikivuta hewa ya wizi, yaani hewa isiyopita kwenye kabureta na isiyobeba petroli wala oili.

Kwa hiyo kabla ya jaribio lolote, na baada ya kila jaribio, hakikisha hakuna hewa ya wizi. Dalili iliyo wazi ni injini inayochelewa kushuka unapoachia mafuta, ikaendelea kuzunguka kwa kasi kana kwamba mkono wako bado umevuta. Kipimo cha uhakika hufanywa injini ikiwa imezimwa na kupoa: ziba mdomo wa ekzosi na mdomo wa kuingizia, pampu hewa polepole isizidi psi 6, ambazo ni takriban bar 0.4, kisha paka povu la sabuni kwenye viungo vyote na kwenye sili za krenki, zile pete za mpira zinazozuia uvujaji. Povu likifura mahali, umempata mwizi. Usizidishe shinikizo, kwani sili zenyewe zinaweza kutoka mahali pake.

Baada ya hapo ndipo maswali ya umbo la njia ya hewa yanapokuwa na maana. La kwanza ambalo kila mtu huuliza ni upana. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hupumua mara 100 kwa sekunde, na kwa kuwa silinda haijazwi kikamilifu kila mara, tuseme inameza karibu lita 4 kwa sekunde. Kupitia koo la kabureta lenye kipenyo cha milimita 14, hizo ni mita 26 kwa sekunde kwa wastani, na kasi halisi ni kubwa zaidi kwa sababu hewa huingia kwa vishindo wala haiingii mfululizo. Bomba la milimita 20 hupunguza wastani huo hadi mita 13 hivi. Kuendelea kutanua bomba lililo nyuma ya kabureta hakuna faida, kwa kuwa koo la kabureta limebaki vilevile. Kinachofaa kupewa nafasi kubwa ni uso wa chujio.

La pili ni mdomo mpana unaoelekezwa mbele ili upepo wa mwendo uingie kwa nguvu. Nililipenda sana wazo hili, na hesabu ndiyo iliyoniachisha. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, upepo huo huongeza shinikizo la takriban paskali 74, wakati hewa ya kawaida usawa wa bahari ina paskali zaidi ya 101,000. Nyongeza haifiki hata asilimia 0.1, hivyo nguvu yake haionekani. Ndani ya kabureta, hata hivyo, paskali 74 ni sawa na uzito wa kimo cha petroli cha milimita 10. Chombo cha floti, yaani kibakuli cha petroli cha kabureta, kikiwa kinapumulia hewa tulivu ya nje huku mdomo ukisukumwa na upepo, petroli hupanda kwa shida kana kwamba usawa wake umeshushwa sentimita nzima, na injini hukosa petroli pale tu unapokwenda kasi. Elekeza mdomo pembeni au nyuma.

Joto ndilo lenye faida ya kweli. Hewa ya nyuzi 50 iliyo karibu na kichwa cha silinda ni nyepesi kwa takriban asilimia 6 kuliko hewa ya nyuzi 30 iliyo hatua moja mbali na injini. Bomba linalohamisha mdomo hadi penye hewa baridi hukupa mara nyingi zaidi ya kile ambacho mdomo wa upepo ungekupa, ila sasa hewa ni nzito zaidi na itadai petroli yake.

Urefu nao una kazi, kwa kuwa hewa iliyo ndani ya bomba ina uzito na huyumbayumba kama kitu kilichofungwa kwenye springi. Bomba refu husaidia mizunguko ya chini, fupi husaidia ya juu. Anayepanda vilima atapenda refu. Kata bomba la mpira kwa urefu kadhaa, ujaribu moja baada ya jingine. Hakuna hesabu ya mezani itakayokupa jibu sahihi kuliko mlima unaoupanda kila siku.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi, lakini naomba nisikilizwe. Gundi ya silikoni huvimba ikilowa petroli na kuchanika vipande. Bomba za plastiki za maji hulainika. Sponji ya godoro au ya kuoshea vyombo humomonyoka, na wavu uliokatwa vibaya hudondosha nyuzi za chuma. Kila kinacholegea nyuma ya kabureta huishia kwenye silinda. Tumia sponji iliyotengenezwa kwa ajili ya chujio, iliyolowekwa oili yake na kukamuliwa, na usiendeshe bila chujio hata kwa jaribio la dakika tano penye vumbi, kwa kuwa ringi, zile pete za pistoni, zinalika kimyakimya.

Mabadiliko ya hewa yakishafanywa, rekebisha petroli ukianzia kwenye wingi. Petroli ikizidi, injini hubwabwaja, hutoa moshi na kuwaka mpigo mmoja ikiacha mmoja. Inakera, lakini haivunji kitu. Kisha punguza kidogo kidogo. Klipu inayoshika sindano ya kabureta ikishushwa mkato mmoja, sindano hupanda na petroli huongezeka mkono wa mafuta ukiwa umevutwa nusu. Jeti, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli katika kabureta, hutawala mkono ukiwa umevutwa kabisa, na hapo tahadhari inahitajika: kutoka milimita 0.70 hadi 0.75 kunaonekana kudogo, lakini uwazi umeongezeka kwa takriban asilimia 15. Ili kusoma plagi, endesha mkono wa mafuta ukiwa umevutwa kabisa kwa umbali mfupi, zima injini na ushike klachi kwa pamoja, kisha uifungue plagi palepale. Rangi ya kahawia inaridhisha, nyeupe ni ya kusimamisha jaribio.

Nguvu usiipime kwa sikio, kwa kuwa njia ya hewa iliyo wazi hupiga kelele iwe imeongeza kitu au imepunguza. Chagua mwinuko mmoja na sehemu moja ya tambarare, weka alama mbili, shika saa, nenda na urudi, uchukue wastani ili upepo usikudanganye. Mwendeshaji awe yuleyule, petroli na oili zichanganywe kwa kipimo kilekile, na kila mara badilisha kitu kimoja tu. Andika kwenye daftari pamoja na joto la siku hiyo. Kile kikopo cheusi usikitupe: kila siku ya majaribio anza nacho na umalize nacho, na kama muda wake wa asubuhi na wa jioni haukubaliani, vipimo vyote vya katikati vya siku hiyo vifutwe.