Saplai ya CNC inashuka volti: pima kwenye draiva kwanza

Mkuu, umesema saplai ya volti 36 ya mashine yako ya CNC (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta) inasoma vizuri mashine ikiwa imetulia, ila mihimili ya X na Y ikikimbia pamoja inaanguka hadi 28 na mota zinaruka hatua. Hukusema umepima wapi, na hapo ndipo penye jibu. Usinunue nyingine kwanza. Hapa Tabora nimeletewa saplai nyingi zinazodaiwa zimekufa, nikizipima ni nzima kabisa.

Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye DC, gusa skrubu za V+ na V- za saplai, mtu mwingine aendeshe X na Y kwa kasi. Andika namba. Rudia kwenye skrubu za kuingizia umeme za draiva, kile kibodi kinachoendesha mota. Kama mita yako ina kitufe cha MIN (kinachoshika namba ya chini kabisa) kitumie, maana mshuko wa ghafla hupita kabla jicho halijauona.

Saplai ikisoma 36 na draiva 32, volti zinaliwa njiani. Waya wa milimita za mraba 0.5, mita tatu kwenda na tatu kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.2. Ukipitisha ampea 8, volti 1.6 zimekwenda, na nyingine zinapotelea kwenye skrubu zilizolegea. Ukichonga mlango wa mninga mkavu meza yote inatetemeka kutwa nzima, na skrubu hujifungua zenyewe. Mimi hutumia waya wa 2.5, kila draiva na laini yake kutoka kwenye saplai. Kuunganisha draiva moja hadi nyingine kama taa za harusi sikushauri hata kidogo.

Zikishuka zote mbili, pima AC ukutani, spindo (mota inayozungusha kisu) ikikata. Inatakiwa 230 au karibu na hapo. Karakana nyingi zinachangia laini moja na randa na mashine ya kuchomelea. Jirani akianza kuchomelea, ukutani unasoma 180. Tafadhali sana, usihamishe ile swichi ndogo ya pembeni mwa saplai, ya kuchagua volti za ukutani, kwenda 115 eti umeme ni hafifu. Kapasita, yaani vihifadhi umeme vya ndani, zitapasuka. Na usifungue kava ukichomoa tu plagi: ndani hubaki zaidi ya volti 300 kwa muda.

Ukutani kukiwa sawa na saplai bado inashuka, basi imezidiwa au kapasita zake zimechoka. Ya wati 350 kwa volti 36 inatoa kama ampea 9.7 tu, kwa hiyo spindo ya DC ipe saplai yake. Kupandisha V.ADJ (skrubu ya kurekebisha volti za saplai) kunaficha tatizo: mota zikifunga breki ghafla hurudisha umeme nyuma, volti zinapanda, na draiva nyingi za TB6600 mwisho wake ni volti 40 au 42.

Tuwekee namba tatu, ukutani, kwenye saplai na kwenye draiva, zote mashine ikitembea, pamoja na unene wa waya uliotumia.