Mimi, mwanangu na glavu mbili: kila Machi tunaanza upya

Mwanangu alikuwa na miaka saba aliporudi nyumbani na karatasi ya kujiandikisha besiboli. Ilikuwa Februari, theluji imejaa nje, na mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Kansas City. Nilimuuliza kwa nini asichague mpira wa miguu, mchezo ambao wajomba zake wote wanaujua. Akasema rafiki anayekaa naye darasani anacheza besiboli. Hakuwa na sababu nyingine. Nikasaini.

Nawaandikia wazazi wenzangu mliokulia Morogoro kama mimi, au Kisumu, Bukavu, Bujumbura, na sasa mnalea watoto Marekani. Misimu saba imepita tangu karatasi ile, na nina ushauri mmoja ambao mengine yote yametoka humo: mkubali mtoto awe mwalimu wako. Sisi tumezoea mzazi ndiye anayejua. Katika jambo hili mtoto anajua zaidi, na ukikaa chini akufundishe utapata kitu ambacho hutakipata ukimsimamia kwa pembeni.

Nilianza kwa kukosea. Glavu ya besiboli huvaliwa mkono usiorusha, yaani mtoto anayerusha kwa mkono wa kulia huivaa kushoto. Mimi sikujua. Nilidhani mkono wenye nguvu ndio unaodaka, nikanunua glavu ya mkono wa kulia, mpya, kwa pesa iliyoniuma. Mazoezi ya kwanza alishindwa hata kurusha, akarudi amenyamaza kimya. Jioni ile aliniketisha sebuleni, akachukua soksi iliyofungwa fundo, akanionyesha: mkono huu unadaka, huu unarusha, Mama, umeona? Nikaona. Ndiyo siku niliyoacha kujifanya najua.

Glavu ya pili niliinunua duka la mitumba, na hapo nawashauri wote mwanzie. Ya mtumba imeshalainika na bei yake ni ndogo sana. Ukinunua mpya, ngozi yake ni ngumu kama ubao na mpira utakuwa unaruka nje. Kila mwisho wa Februari mimi na yeye tunafanya kazi ya kulainisha glavu juu ya meza ya jikoni. Tunapaka mafuta ya ngozi kidogo kwa kitambaa, tunasugua zaidi pale kwenye mfuko kati ya kidole gumba na cha shahada, tunaweka mpira ndani, tunaikunja na kuifunga kwa mkanda, kisha inalala chini ya godoro lake. Nyumba nzima inanukia kama kibanda cha fundi viatu wa mtaani kwetu. Usimwage mafuta mengi, ngozi ikilowa inakuwa nzito na legelege. Na mtoto mdogo mwanzie na mpira wa tenisi. Mpira wenyewe wa besiboli una uzito wa gramu 140 na kidogo, umeshonwa mishono 108, na asubuhi ya baridi ukikupiga kiganjani unaweza kumfanya mtoto aogope mwaka mzima.

Nilipoanza kurushiana naye nyuma ya nyumba niligundua jambo. Mkono wangu ulijua kulenga. Utotoni nilicheza rede mpaka giza linaingia: wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, na mpira wetu ulikuwa matambara yaliyofungwa kamba. Nilikuwa mrushaji mzuri. Mwanangu alipodaka mpira wangu wa tatu au wa nne, aliuangalia, akaniangalia mimi. “Mama, umejifunzia wapi?” Nikamweleza rede, nikamweleza bibi yake alivyokuwa akituita kwa majina yote matatu adhana ya magharibi ikikaribia. Habari za nyumbani ambazo nilishindwa kumsimulia kwa miaka, kwa sababu hazikuwa na mahali pa kuanzia, zilianzia hapo. Mzazi aliyecheza rede, kati au raundasi shuleni ana mkono tayari. Utumie.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mezani nikimuuliza shule ilikuwaje, jibu ni “poa”. Nikiuliza tena, “poa tu, Mama”. Lakini mpira ukienda na kurudi, kitu kinalegea. Huangaliani naye usoni, unaangalia mpira. Mikono ina kazi. Kimya hakimtishi mtu, kwa sababu kila sekunde chache kuna mlio wa ngozi unaojibu.

Aprili moja, alikuwa na miaka kumi, tulikuwa tumerushiana labda mara ishirini bila neno. Kisha akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kuna watoto darasani wanaiga ninavyoongea. Walinisikia nilipokwenda kumchukua. Nilikuwa na mpira mkononi. Kifua kilinibana. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka majina, nilitaka kwenda shuleni usiku uleule. Nikaurusha mpira. Akadaka, akarudisha, akaendelea: wanasemaje, nani ameanza, yeye alifanya nini, kwamba alicheka nao na sasa anaona vibaya. Alisema alicheka nao. Nikarusha tena. Ningesimama pale angenyamaza, nina hakika hiyo. Tulimaliza gizani, tukaingia ndani tukala wali na maharage, na kabla ya kulala akaja kunishika bega. Shuleni nilikwenda wiki iliyofuata, baada ya kumuuliza kama nitakwenda.

Kwa hiyo mtoto akianza kusema, usiushushe mpira. Rusha.

Watakwambia besiboli ni mchezo wa polepole. Ni kweli, na huo upole una faida kwa watu wawili wanaotaka kukaa pamoja. Tangu 2023 ligi kuu imeweka saa ya kumhesabia mrushaji sekunde, michezo imekuwa mifupi, hata mimi wa zamu za usiku naweza kumaliza mmoja. Njia tuliyopata ya kutosinzia ni daftari la kuandikia mchezo. Kila mchezaji uwanjani ana namba ya nafasi yake: mrushaji ni 1, mdakaji 2, mlinzi wa kituo cha kwanza 3, cha pili 4, cha tatu 5, anayesimama kati ya cha pili na cha tatu ni 6. Ukiandika 6-4-3 umeandika hadithi nzima: mpira ulichotwa na wa sita, akampa wa nne, naye akampa wa tatu, na watu wawili wametolewa kwa pigo moja. Mpigaji akikosa mara tatu unaandika K. Akisimama tu akiangalia mpira wa tatu ukipita, K inageuzwa, inaangalia nyuma. Mwanangu alinifundisha hiyo K kwa penseli fupi, ulimi nje, radio imewashwa jikoni na mimi nakaanga vitunguu. Madaftari yote saba ninayo. Mwandiko wake unakua ukurasa hadi ukurasa.

Timu yetu hapa ni Royals. Wamechukua ubingwa mara mbili, 1985 na 2015, lakini mwanangu alianza kuwapenda wakati wa kufungwa. Mwaka 2023 walipoteza michezo 106 kati ya 162. Kuna jioni alilia. Mwaka uliofuata walishinda 86 wakaingia hatua ya mtoano, na Bobby Witt Jr., ambaye baba yake alikuwa mrushaji kwenye ligi hiyohiyo, akaongoza ligi nzima kwa wastani wa kupiga wa .332. Tuliipiga hesabu hiyo pamoja: mpigaji bora wa mwaka, katika kila mara tatu anazosimama na gongo, karibu mara mbili hafanikiwi. Mwanangu aliinyamazia hesabu hiyo muda mrefu. Siku hizi akikosa mara tatu anarudi benchi, anakunywa maji, anaangalia anayefuata. Sikumhubiria.

Kuhusu mkono wa mtoto, hapo msikubali mzaha. Kanuni za Little League, ligi ya watoto, zinaweka kikomo cha mipira ambayo mrushaji anaweza kurusha kwa siku: 50 kwa mwenye miaka 7 hadi 8, 75 kwa 9 hadi 10, 85 kwa 11 hadi 12, na akizidisha kiasi fulani lazima apumzike siku kadhaa. Msimu mmoja kocha alitaka mwanangu aendelee, timu ilikuwa inaongoza, na wazazi wengine walikuwa wanashangilia. Mimi ninayeandika daftari ndiye niliyekuwa na hesabu. Nilisimama nikasema amefika. Kwa lafudhi yangu hiyohiyo. Alitolewa, timu ikafungwa, mtu mmoja hakunisalimia tena. Kiwiko cha mtoto anayekua kikiumia hakirudishwi dukani. Na ada ikikushinda usimwondoe mtoto kimyakimya, uliza kama kuna msamaha, na uulize mapema, maana uandikishaji mwingi huanza baridi bado kali.

Wapelekeni watoto pia wajue mchezo huu ulitoka wapi. Sisi tuna bahati, kwani ligi ya kwanza ya kudumu ya wachezaji weusi iliundwa mjini humu mwaka 1920, na makumbusho yake yako mtaa wa 18 na Vine. Ndani kuna uwanja wenye sanamu za shaba: Satchel Paige, Josh Gibson na wenzao. Unapoingia unauona uwanja huo kupitia wavu wa kuku tu. Unazunguka, unasoma walivyokatazwa hoteli na meza za chakula, ndipo mwisho unafunguliwa njia ya kuingia uwanjani. Mwanangu alikuwa na miaka tisa. Alisimama nyuma ya sanamu ya mdakaji, akachuchumaa kama yeye, akakaa hivyo. Jackie Robinson alichezea timu ya mji huu, Monarchs, mwaka 1945, kabla ya kuvunja ubaguzi wa ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947. Kila tarehe hiyo wachezaji wote huvaa namba yake, 42, na sisi siku hiyo hatukosi kuangalia.

Huwa namsimulia pia Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alikulia katika chumba kidogo kwenye jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa mfanyakazi, Randburg. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo alipiga akafika kituo. Mama yake alikuwa ameshafariki, tangu 2013. Sehemu hiyo naisema upesi, na mwanangu anajua kwa nini.

Ana miaka kumi na nne sasa. Mipira yake imekuwa mikali, kiganja changu huwaka hata ndani ya glavu. Mwaka huu nilifikiri labda atamtafuta mwenzake wa rika lake. Jumamosi ya kwanza ya Machi nilifika nyumbani asubuhi, miguu imevimba kwa kusimama usiku kucha, nikakuta glavu zote mbili ziko mlangoni, yangu imeshapakwa mafuta.

“Lala kwanza, Mama,” akasema. “Tukitoka nitarusha polepole.”

Nikamwambia, “Rusha kama kawaida, baba.”