Maoni ya daktari wa pili: msiende na karatasi tu, chukueni na bloku

Pole sana ndugu kwa mama. Kwa ulivyoeleza, kinyama cha titi kimepimwa, majibu yamesema saratani, daktari amepanga kulitoa titi lote, nanyi mnataka daktari mwingine aangalie kabla ya upasuaji, ila masjala wamewaambia faili halitoki. Kwa hilo wako sahihi, faili ni la hospitali. Lakini taarifa zilizomo ni za mama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa haki ya kuzipata. Kwa hiyo msiombe faili, ombeni nakala.

Barua iende kwa Mganga Mfawidhi. Iwe na jina la mama kama lilivyo kwenye faili, namba ya faili, tarehe aliyotolewa kinyama, na namba ya maabara iliyo juu ya majibu ya patholojia, yaani kile kipimo cha kinyama. Hiyo namba ya mwisho ndiyo watu husahau, na bila hiyo maabara haitafuti kitu. Kama mama haendi mwenyewe, aandike ridhaa na kuisaini, mwambatanishe nakala ya kitambulisho chake. Peleka nakala mbili za barua, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Sasa bloku. Ni kijisanduku cha plastiki chenye nta, ndani yake kipande cha kinyama chenyewe, pembeni pameandikwa namba ya maabara. Daktari wa patholojia wa pili akipewa karatasi tu, atakuwa anasoma maoni ya mwenzake. Akipewa bloku na slaidi (vioo vilivyobandikwa vipande vyembamba vya kinyama hicho), anakata vipande vipya na kujionea seli kwa darubini yake. Isafirishwe kwenye kopo gumu, na isiachwe kwenye dashibodi ya gari juani, maana nta hulainika. Slaidi ni kioo, zifungwe na pamba.

Ulizeni pia kinyama kiliwekwa kwenye nini na kilifika maabara lini. Kinatakiwa kizame kwenye formalini (dawa ya maji ya kuhifadhi kinyama) ya asilimia 10, ujazo wake kama mara kumi ya kinyama, kwa saa 6 hadi 72. Kikikaa kwenye maji ya chumvi, au kikicheleweshwa, kinaharibika, na vipimo vya vipokezi vya homoni na HER2 (protini za seli za saratani zinazoonyesha dawa gani itafaa) vinaweza kutoka hasi wakati ukweli ni chanya. Hapo kusoma upya hakusaidii, inabidi kinyama kingine. Na mkikuta HER2 imeandikwa 2+, hilo si ndiyo wala hapana, kuna kipimo cha ziada cha vinasaba kinachohitajika kabla ya kuamua dawa.

Za CT (skani ya mwili) na mamografia (eksirei ya titi), ombeni picha zenyewe kwenye CD. Filamu iliyopigwa picha kwa simu haifai, daktari hawezi kukuza wala kupima uvimbe. Ifungueni kwenye kompyuta nyingine kabla hamjaondoka, CD tupu hutokea sana.

Hospitali za Muhimbili, KCMC na Bugando zote zina patholojia, chagueni ambako kinyama hakikusomwa mara ya kwanza. Msimfiche daktari wa pili majibu ya awali, anayahitaji ili aseme wanapotofautiana. Muulizeni wazi: ni saratani kweli, ni aina gani, imefika hatua ipi, na je, uvimbe unaweza kutolewa titi likabaki?

Daktari wa kwanza mwambieni mnachofanya, na tarehe ya upasuaji msiifute, ombeni tu isogezwe wiki mbili au tatu. Kama kuna mpango wa dawa za saratani, maoni yapatikane kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu zikishaanza uvimbe hubadilika. Bloku ikishasomwa irudisheni maabara ilikotoka, msaini daftari la kupokelewa. Ugonjwa ukija kurudi baada ya miaka, hiyohiyo ndiyo itakayotolewa ilinganishwe.