"Ningalishindwa mngalisema": -nge- na -ngali- katika mwaka ambao haukuwapo

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika hadithi ya historia mbadala juu ya mwaka 1976. Humo Tanzania haikususia Olimpiki ya Montreal. Filbert Bayi akakimbia mita 1500, akashinda, na utamaduni pendwa wa Dar es Salaam mwaka ule ukawa ni Bayi tu: nyimbo za dansi, kanga, michezo ya watoto mitaani. Rafiki yangu aliyesoma rasimu anasema kila kitenzi kichukue -ngali-, kwa kuwa mambo hayo hayakutokea. Nimejaribu, na hadithi imekuwa nzito kama jahazi linaloburutwa mchangani. Mwenyewe nikiongea hutumia -nge- peke yake. Rasimu nimeiambatanisha. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako kanuni anaijua, ila ameipeleka mahali pasipo pake.

Tuanze na yaliyotokea kweli, maana -ngali- haina kazi bila hayo. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo hadi utepe, huku John Walker wa New Zealand akimkimbiza. Dunia ikasubiri wakutane tena Montreal. Lakini mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, New Zealand haikufungiwa Olimpiki, na Tanzania pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika zikasusia. Walker akashinda kwa 3:39.2.

Mlango ule umefungwa, na -ngali- ni kiambishi cha mlango uliofungwa. Ukisema "Tanzania isingalisusia, Bayi angalikimbia", umeniambia mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba hakukimbia, na kwamba nafasi yenyewe imeshapita. Mlango ulio wazi kabisa una -ki-: asubuhi ya mbio shabiki husema "Bayi akishinda, leo hatulali." Katikati ndipo ilipo -nge-. Anayesema "Ningekuwa na redio ningesikiliza" hana redio kwa sasa, lakini kesho anaweza kuinunua.

Najua wengi wetu tukizungumza huitumia -nge- kwa yote, "angekwenda angeshinda", na msikilizaji anaelewa kwa sababu habari anayo. Wengine husema "angekuwa amekwenda". Simkosoi mtu kwa hilo. Na -ngeli- ni ndugu wa -ngali-, kwa hiyo ukimzoea huyo, mtumie, mradi usiwachanganye katika sentensi moja. Walimu wengi hukataza pia kuchanganya -ngali- na -nge-, na kwenye mtihani watii. Katika uandishi mimi huruhusu pale wakati unapobadilika kweli: "Bayi angalikimbia Montreal, leo tungekuwa tunasimulia mambo mengine." Sharti ni la 1976, tokeo ni la leo. Kila kiambishi kimekaa kwenye wakati wake.

Sasa uzito wa jahazi lako. Watu wa hadithi yako hawajui kwamba mwaka wao haukuwapo. Kwao Bayi alishinda, basi. Nyumba zenye redio zilijaa majirani, watoto walikimbizana uchochoroni wakigombania nani awe Bayi, na yule mdogo kuliko wote akalazimishwa kuwa Walker. Hayo yote ni ya -li- na -ka-, kama hadithi yoyote ya jana. Ukiandika "watoto wangalikimbizana, redio zingalijaza nyumba", kila mstari unamvuta msomaji mkono na kumkumbusha kwamba anadanganywa. Iweke -ngali- kizingitini. Sentensi moja au mbili za mwanzo zinatosha: Tanzania isingalisusia, mwaka ungalikuwa mwingine. Kisha mwingize ndani na ufunge mlango nyuma yake.

Humo ndani -ngali- itarudi, na hapa ndipo napapenda zaidi, kwa sababu itageuka kichwa chini. Hebu mfikirie mzee barazani, katika mwaka wako huo, akisema: "Tungalisusia, medali ingalikuwa ya Walker." Kwake hiyo ni njozi, kwetu ndiyo historia. Kiambishi kile kile ambacho sisi tunakitumia kuuota ulimwengu wake, yeye anakitumia kuuota ulimwengu wetu. Sentensi kama hiyo moja itaifanyia hadithi yako kazi kuliko -ngali- mia zilizotawanywa ovyo.

Kanga yako nayo inastahili kutazamwa. Umeipa jina "Ningeshindwa mngesema". Ni jina zuri, lina kijembe cha kanga hasa, na mtu anaweza kumvalia jirani yake bila kutaja mbio wala mkimbiaji. Lakini kwa -nge- linaweza kusomeka kama la mtu ambaye mashindano bado yanamngoja. "Ningalishindwa mngalisema" ni la mtu aliyekwisha kushinda: nilishinda, na ndiyo maana mmenyamaza. Silabi moja inatuambia kama kitambaa kilichapwa kabla ya mbio au baada yake. Hapo shikilia -ngali-, hata kama kwenye mazungumzo hujaizoea.

Kukanusha kuna njia mbili, "asingalikwenda" na "hangalikwenda", na katika nafsi ya kwanza "nisingalikwenda" na "singalikwenda". Zote ni sahihi. Ila chunga nafasi kati ya maneno. "Wangalisubiri" ni wale ambao hawakusubiri, na "wangali wakisubiri" ni wale ambao mpaka sasa wanasubiri. Ukurasa wa tatu umeandika "mashabiki wangali subiri", nikashindwa kujua wako upande gani.

Yamebaki mawili, moja la sarufi na moja la ukweli, na yote yamo katika sentensi moja: "Ule wimbo ungaliopigwa na Mlimani Park, watu waliucheza baada ya kuitazama mbio kwenye televisheni ya baa, Kariakoo."

Kwanza, -ngali- na -nge- havipokei kirejeshi (kama -o- ya "uliopigwa") tumboni mwake kama -li- inavyopokea. Tunasema "uliopigwa", lakini "ungaliopigwa" haipo. Ukilazimika tumia amba-: "wimbo ambao ungalipigwa". Hapa hulazimiki, kwa kuwa tumo ndani ya hadithi.

Pili, umebadilisha jambo moja, yaani susio. Mengine yabaki kama yalivyokuwa, la sivyo msomaji aliyeishi miaka ile hatakuamini hata pale unapostahili kuaminiwa. Bendi ya Mlimani Park iliundwa mwaka 1978. Mwaka 1976 NUTA Jazz walikuwapo, na Mbaraka Mwinshehe alikuwa na Super Volcano yake. Televisheni ilikuwako Zanzibar, lakini Bara ilikuja miaka ya 1990. Kariakoo wangaliusikia ushindi ule redioni, na kwa hadithi yako hilo ni jema, kwa sababu mbio za kusikiliza kila mtu huzikimbia kwa namna yake.

Basi sentensi hiyo ningeiandika hivi: "Usiku ule redio iliposema Bayi ameshinda, NUTA Jazz waliukatisha wimbo waliokuwa wakiupiga, wakaanza mwingine ambao hakuna aliyewahi kuusikia."