Maswali ya wasomaji: Maji yametoka ndani, tupake rangi au tusubiri?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nyumba yetu iko Kigogo, upande wa bonde la Msimbazi, mvua za juzi maji yaliingia usiku yakafika usawa wa soketi za ukutani, yakakaa mpaka kesho yake mchana. Sasa sakafu imekauka na fundi rangi anasema tukwangue tupake tumalize. Lakini kuna jamaa wa kampuni wamekuja na mashine zao, wanasema lazima tukaushe kwanza wiki mbili, na bei yao si ya kitoto. Mume wangu anasema hao wapigaji tu. Nani mkweli?
Mama wa wawili, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana dada. Hapo usimwamini fundi wala kampuni mpaka mtu apime ukuta.

Sakafu kukauka juu hakukuambii kitu, maana tofali na lipu vinanyonya maji kwenda juu, yaani kama mafuriko yaliishia kwenye soketi basi ndani ya ukuta unyevu umeshapanda kuzidi hapo. Ukipaka rangi leo, hasa ya mafuta, unayafungia maji ndani, na baada ya muda rangi inavimba malengelenge, unga mweupe wa chumvi unatoka na fangasi nyuma ya kabati ndo usiseme.

Kuna kimita cha unyevu chenye pini mbili, wanagusisha ukutani kinatoa namba. Kwenye mbao namba ile ni asilimia, ila kwenye ukuta wa saruji usiichukulie hivyo, ni ya kulinganisha tu. Kwa hiyo mpimaji anayejua kazi anaanza na ukuta ambao haukuguswa na maji, anaandika namba yake, halafu anapima ulioloa sehemu kadhaa na kuziwekea alama ya chaki ili kesho arudi palepale. Chumvi ukutani nayo huwa inaidanganya ile mita, ndiyo maana wenye uzoefu hawaitegemei peke yake, wanatoboa kitundu na kupima unyevu wa ndani.

Hao jamaa wa wiki mbili, je walipima? Kama walitaja siku kabla ya kupima, mumeo ana haki ya kuwashuku. Waambie wakupe namba kwa maandishi kila wanapokuja, na malipo ya mwisho yatoke ukuta ulioloa ukikaribia namba za ule mkavu. Atakayegoma mwache aende.

Mashine zenyewe si uongo. Ile ya kunyonya unyevu inafanya kazi kama friji, hewa inapita kwenye bomba la baridi, maji yanadondokea kwenye ndoo. Feni kazi yake ni kuyatoa maji ukutani yaingie hewani, mashine ndo inayatoa hewani, na wakati huo madirisha lazima yafungwe, mkiyaacha wazi mtakuwa mnakausha Kigogo nzima kwa umeme wenu. Kama hela ya mashine hakuna inawezekana bila, ila itachukua muda mrefu: fungua madirisha kuanzia jua likipanda mpaka alasiri, feni iangalie nje isukume hewa yenye unyevu itoke, usiku funga, vitu vyote viachane na ukuta. Zege nene linaweza kuchukua miezi, hasa masika.

Sasa kuna vitu vinatakiwa vitangulie kabla hata ya hiyo mita. Maji ya mafuriko mjini yamepita kwenye vyoo vya watu, kwa hiyo yachukulie kama maji taka. Ondoa tope, osha kwa sabuni, ndipo upitishe dawa ya klorini (usiichanganye na dawa nyingine ya choo, inatoa gesi mbaya), ndo ukaushe. Godoro, jipsamu iliyoloa na kabati za mbao za kusaga tupa tu hata kama roho inauma. Maini swichi ibaki imezimwa mpaka fundi umeme afungue zile soketi azikague, hizo feni kwa sasa vuta umeme kutoka sehemu salama. Na jiko la mkaa ndani ili kukausha, hapana kabisa, watu wanakufa kwa hewa yake usingizini.

SWALI: Nyumba yetu ya urithi iko Mji wa Kale Mombasa, kuta za mawe ya matumbawe. Chini kunabambuka kila mwaka, tumepiga lipu ya simiti mara tatu, wapi! Tuongeze simiti kali zaidi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana ndugu yangu, hiyo simiti ndiyo sehemu kubwa ya tatizo. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa, zinapumua, maji yanayopanda kutoka ardhini yanatokea usoni na kukauka. Simiti inayazibia maji hayo, yanatafuta njia juu zaidi na kusukuma lipu ing'oke. Bandueni yote ya chini, ukuta uachwe wazi ukauke, halafu tafuteni fundi wa chokaa, si fundi yeyote tu, na rangi iwe ya chokaa pia. Kabla ya hapo kagueni bomba na mfereji wa bafu upande wa pili wa ukuta huo, maana nyumba za pale zimebanana na mara nyingine maji ni ya jirani.